Ng'ambo ya Nzoia: Habari za Reli na Miji ya Kitale na Bungoma



Kitabu hiki cha mwaka kimezoea kuwaletea hesabu za fedha, habari za matawi, na majina ya ndugu tuliowazika. Mara hii tumeomba kurasa chache tuandike historia, na sababu yake ni moja. Kila tukutanapo huzuka baina yetu swali ambalo vijana huliuliza kwa mzaha na wazee hulijibu kwa uchungu: mtu aliyezaliwa Kitale, ambaye babu yake alitoka pande za Bungoma kwa miguu akitafuta kazi, huyo ni mwenyeji wa wapi? Siku za amani swali hilo ni mazungumzo ya chai tu. Siku nyingine, kama zile za mwaka 1991 na 1992, liliulizwa mlangoni usiku, na jibu lake likawagharimu watu nyumba zao na hata roho zao. Kwa hiyo twaona yatupasa kueleza jinsi miji hii miwili ilivyozaliwa. Yote miwili ni mitoto ya reli, na reli hiyo haikuitendea sawasawa.

Tuanze na jina. Trans-Nzoia maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia. Mtu asemapo ng'ambo hapana budi kwanza tujue amesimama wapi. Aliyelitoa jina hili alikuwa amesimama upande wa Eldoret, akitazama kaskazini na magharibi, na mto ukiwa mbele yake. Lakini aondokaye Bungoma kwenda Kitale havuki Nzoia kamwe. Atapita Kimilili au Webuye, ashike njia ya Kamukuywa na Kiminini, avuke vijito vishukavyo mlima Elgon, na Nzoia wenyewe atauacha mkono wake wa kulia mpaka afike. Kwake yeye Kitale iko upande uleule wa mto alikozaliwa. Basi jina hilo tunalolitumia kila siku ni jina la mtu aliyekuja kutoka upande wa pili, na reli nayo ilikuja kutoka huko huko.

Kabla ya reli nchi hii haikuwa tupu. Katika mashamba ya Trans-Nzoia hata leo yaonekana mashimo ya mviringo ambayo watu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Wataalamu wa mambo ya kale waliyachimba, wakaeleza kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu waliofuga hapa karne nyingi zilizopita. Baadaye uwanda huu ulilishwa na Wamaasai wa Uasin Gishu, na pembeni mwa mlima waliishi Wakony na jamaa zao ambao leo twawaita Wasabaoti. Kwa upande wa Bungoma, jina la mji lenyewe lasemekana kutokana na Wabongomek, watu wa jamaa ya hao Wasabaoti, waliokaa pale kabla Wabukusu hawajaenea, na wengi wao wakachanganyika nao. Twalitaja jambo hili mapema kwa makusudi. Yeyote adaiye kwamba mmoja wa miji hii ni wa kabila lake peke yake tangu asili, na akumbuke kwamba jina la Bungoma lilitoka kwa watu wa jamaa nyingine na yake.

Wafanyabiashara wa pwani nao walifika. Mji wao mkubwa katika pande hizi ulikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia, ambako misafara ilipumzika na kununua chakula kabla ya kwenda Uganda au kupanda Karamoja kutafuta pembe za ndovu. Mwingereza Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883, akafika mpaka kwenye mapango ya Elgon. Kitale nako kuna mviringo wa mawe karibu na klabu iliyojengwa na Wazungu, na husimuliwa kwamba hapo watumwa walifungiwa usiku wakiwa safarini kwenda pwani.

Utawala wa Waingereza uliingia kwa bunduki. Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley, likisaidiwa na Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai, liliwapiga Wabukusu katika maboma yao ya Lumboka na Chetambe. Chetambe ni kile kilima kiuinamiacho mji wa Webuye. Siku hizo nchi yote hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka 1902 ndipo jimbo la mashariki la Uganda lilipokatwa na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Kenya. Wenyeji hawakuulizwa.

Kuna kioja kimoja kinachostahili kukumbukwa. Mwaka 1903 waziri wa makoloni huko London, Joseph Chamberlain, aliwaahidi Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya kwamba wangepewa nchi ya kukaa katika Afrika Mashariki, na mahali palipokusudiwa ni uwanda wa Uasin Gishu. Wajumbe wao walikuja kuutazama, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukakataa. Uwanda ukabaki wazi katika ramani za serikali, na mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaupanda kwa magari yao ya kukokotwa na ng'ombe wakitoka Nakuru. Kutoka kwao na kwa Waingereza waliofuata, mashamba yalisonga mpaka Nzoia na kuuvuka. Mwindaji mmoja, A. C. Hoey, alijenga daraja la kuvukia, na mahali pale pakaitwa Hoey's Bridge. Leo paitwa Moi's Bridge.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kukaja mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu. Mashamba yaligawanywa kwa kupiga kura, na mengi yalikuwa Trans-Nzoia. Waafrika waliobeba mizigo ya vita ile katika Kariakoo, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa kuhara na njaa kule Tanganyika, hawakuingizwa katika kura hiyo. Wakony waliokuwa wakilisha ng'ombe uwandani walisukumwa kuelekea mlimani. Mwaka 1932 ilipoundwa tume ya ardhi ya Bwana Morris Carter walipeleka madai yao mbele yake, na madai yale hayajaacha kusikika hata katika siku zetu.

Sasa tufike kwenye reli.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Jina lake lilikuwa la Uganda, lakini haikufika Uganda. Mizigo ilipakiwa katika meli ziwani, ikavushwa, ikapakuliwa tena. Pamba ya Uganda ilipozidi, serikali ikataka reli iende moja kwa moja bila kuvuka maji. Njia mbili zilibishaniwa. Mtu angeweza kuitoa Kisumu, kupitia nchi ya Waluhya yenye watu wengi, karibu na Mumias, mpaka mpakani. Au angeweza kuitoa Nakuru, kuipandisha milimani, na kuipitisha katika mashamba ya Wazungu ya Uasin Gishu. Njia ya pili ilikuwa ndefu na ngumu: pale Timboroa ilipasa kupanda zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari. Hata hivyo ndiyo iliyochaguliwa. Walowezi walikuwa na wasemaji katika baraza la kutunga sheria, na watu wa Mumias hawakuwa na hata mmoja. Hivyo Mumias, iliyokuwa kituo kikuu cha misafara na boma la serikali, ilinyang'anywa boma mwaka 1920 likapelekwa Kakamega, na reli nayo ikaipita mbali.

Kazi ya kujenga ilikuwa nzito. Watu wetu wengi walikwenda kwa hiari kwa sababu ya kodi ya kibanda, maana kodi ilitakiwa kwa fedha na fedha haikupatikana kijijini. Wengine hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1925 serikali ilipata idhini ya kuwashurutisha watu kufanya kazi ya reli, na machifu wakaamriwa kutoa vijana. Mtu aliyezoea joto la chini, akalala katika baridi ya milima ile na blanketi moja, alipata homa ya mapafu, na wengi hawakurudi. Twaandika haya kwa sababu wapo wasemao kwamba reli ililetewa Waafrika kama zawadi. Udongo wa tuta la reli ulibebwa kwa karai na mikono ya watu wetu.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Kutoka Leseru, mbele kidogo ya Eldoret, ikagawanyika. Njia kuu ilielekea magharibi, ikapita Turbo na Lugari, ikavuka Nzoia na kupita chini ya kilima kile cha Chetambe, miaka 30 tu baada ya vita, kisha Bungoma, Malaba na Tororo. Mwaka 1928 ikafika Mbulamuti na kuungana na reli ya Busoga. Kampala iliingiwa mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja kukamilika. Tawi lilielekea kaskazini, likapita Soy, likavuka Nzoia pale Hoey's Bridge, na likafika Kitale mwaka 1926. Hapo likakoma.

Tazama basi umbo la jambo hili. Reli zote mbili zilivuka mto, kila moja mahali pake, na baina ya Kitale na Bungoma haikutandikwa hata maili moja. Aliyetaka kutoka stesheni ya Bungoma kwenda stesheni ya Kitale kwa gari la moshi alipaswa kurudi mashariki mpaka Leseru, abadili gari, kisha avuke Nzoia kwa mara ya pili. Watu wenye akili walikwenda kwa miguu. Reli iliiunganisha Kitale na Mombasa, na Bungoma na Mombasa. Kuziunganisha Kitale na Bungoma halikuwa kusudi la waliochora ramani.

Kitale ilikuwa mwisho wa reli, na mji ulio mwisho wa reli hukua upesi kuliko mji unaopitwa. Kila kitu kilichokwenda Kapenguria, Lodwar na Turkana yote kilishushwa hapo kikapakiwa katika malori au juu ya ngamia na punda. Kila gunia la mahindi la Trans-Nzoia lilikokotwa kwa ng'ombe mpaka stesheni hapo. Maghala ya chama cha wakulima wa Kizungu, ambacho wote walikiita KFA, yalijengwa kando ya reli. Wahindi walifungua maduka, Wasomali walileta ng'ombe, Wanubi na Waswahili wakafungua hoteli za chai. Mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham, alikusanya vipepeo, ndege na vitu vya kale, na mkusanyo wake ndio uliozaa makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974.

Mji huo ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikaa juu, Wahindi katikati karibu na maduka, na Waafrika katika lokesheni na katika landi za reli, yaani vile vyumba vya safu moja walivyopewa wafanyakazi. Mwafrika hakuweza kumiliki kiwanja mjini. Alikuwa mtu wa kupita, hata kama alipita miaka 30. Shingoni alivaa kipande ndani ya kikebe cha chuma, na ndani yake ziliandikwa alama za vidole, mshahara, na jina la bwana wake. Akiondoka bila bwana kutia sahihi alikamatwa. Sheria ile ilianza kushika kwa nguvu baada ya vita, yapata mwaka 1920, na ikaendelea mpaka mwisho wa miaka ya 1940.

Nje ya mji, mashambani, walikaa maskwota. Hao walipewa kipande cha ardhi walime na kulisha, nao wakamfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zilizotajwa katika mkataba. Walikuwamo Wabukusu, Wanandi, Wasabaoti, Wateso, Waturkana, na Wakikuyu pia. Mwanzoni wengi walikwenda kwa furaha, maana malisho yalikuwa mapana na ng'ombe wao waliongezeka. Lakini kadiri mashamba yalivyopata nguvu, siku za kazi ziliongezwa na ng'ombe wakapunguzwa. Chini ya sheria ya mwaka 1937 mlowezi aliweza kupanga idadi ya mifugo ya skwota. Mtu aliyeingia na ng'ombe 20 akaambiwa abaki na wachache, wengine awauze kwa bei ya kutupa au awarudishe Bungoma, ambako ndugu zake walikuwa wameugawa malisho wakidhani hatarudi. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye swali letu lilimshika koo: Kitale alikuwa skwota, na kwao alikuwa mgeni.

Bungoma ilikuwa jambo jingine. Hapo reli ilipita katika nchi ya hifadhi, yaani ardhi waliyoachiwa Waafrika. Stesheni ilikuwa ndogo, maduka machache ya bati, tangi la maji, na ghala. Gari la Kampala lilisimama kidogo, likapiga king'ora, likaenda zake. Boma lilikuwa Kakamega, na mtu aliyetaka leseni ya duka alisafiri huko. Kwa sababu hiyo wengi waliidharau Bungoma. Walakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho Kitale haikuwa nacho: ardhi iliyoizunguka ilikuwa mikononi mwa wenyewe. Wabukusu walinunua majembe ya kukokotwa na ng'ombe mapema kuliko majirani wengi, na pande za Kimilili zikawa ghala la mahindi. Malakisi kulijengwa kiwanda cha kuchambua pamba. Mkulima alileta gunia lake mpaka kwa Mhindi karibu na stesheni, akalipwa, akanunua bati la nyumba, au akalipa karo ya mtoto. Mwaka 1936 watu wa pande hizo waliunda Kitosh Education Society ili wajenge shule wao wenyewe, wakati huo serikali ikiwaita bado kwa jina la Kitosh ambalo wao hawakulipenda.

Hapa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, lapita mengine yote kwa uzito. Mahindi ya Kitale na mahindi ya Bungoma yalikuwa mahindi meupe yaleyale. Yalikwenda katika mabehewa ya shirika lilelile, yakakutana Leseru, na kutoka hapo yakawa gari moja kwenda pwani. Bei haikuwa moja. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilishika biashara yote ya mahindi. Mzungu alipewa bei ya juu, na tena akahakikishiwa malipo kwa kila ekari aliyolima, mvua inyeshe isinyeshe. Mwafrika alipewa bei ya chini, na kutoka bei hiyo yakakatwa malipo ya mchuuzi, ushuru wa baraza, na fedha zilizoitwa za maendeleo ya nchi. Reli nayo tangu zamani ilikuwa imeyatoza mahindi ya kupelekwa nje nauli nafuu, kwa faida ya wenye mashamba makubwa. Kwa hiyo kijana wa Kimilili aliyepiga hesabu aliona kwamba gunia la baba yake lilimletea fedha chache kuliko gunia lile alilolipakia kwa mshahara Kitale. Wengi walikwenda Kitale kwa sababu ya hesabu hiyo. Wapo waandishi walioita uhamiaji huo tamaa ya mji. Sisi twaona kwamba walikuwa wakiyafuata mahindi yao.

Si ajabu kwamba hasira ilipanda. Elijah Masinde wa Kimilili alihubiri Dini ya Msambwa, akataka Wazungu waondoke na mila za wazee zirudi, na ujumbe wake ulienea pande zote mbili, kwa wakulima wa hifadhi na kwa maskwota wa Trans-Nzoia. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waumini huko Malakisi wakawaua 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa Lamu, asirudi mpaka karibu na uhuru. Wanachama wetu wana maoni mbalimbali juu ya dini ile, na kitabu hiki si mahali pa kuamua.

Katika mazingira hayo ndipo vyama vya ustawi kama chetu vilipoota. Mtu akifa lokesheni nani atamsafirisha? Reli ilidai nauli ya maiti, na mshahara wa mwezi haukutosha. Ndugu walichanga senti, wakaandika majina katika daftari, wakachagua mwekahazina anayejua kusoma. Kutoka mazishi wakaenda kwenye karo, kutoka karo wakaenda kwenye kesi za kipande na deni za duka. Chama kilikuwa ndiyo njia ya tatu baina ya Kitale na Bungoma, ile ambayo reli haikuijenga. Barua, fedha, mbegu, wachumba na habari za misiba zilipitia kwa wanachama, kwa miguu, kwa baiskeli, na baadaye kwa basi za njia ya Webuye.

Mwaka 1952 macho ya dunia yaligeukia upande wetu bila kutarajiwa. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko walipelekwa Kapenguria kushtakiwa, mahali ambapo hapakuwa na hoteli wala reli. Mawakili wao, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, ilibidi walale Kitale na kwenda mahakamani kila siku kwa gari, wakipita njia ya vumbi. Kwa kuwa hoteli za Kitale zilitenga watu kwa rangi, mawakili wa kesi moja hawakuweza kulala chini ya paa moja, na wale wa Kihindi na wa Kiafrika wakatafutiwa malazi kwa watu binafsi. Kesi iliendelea kutoka Desemba 1952 mpaka Aprili 1953. Wazee waliokuwa watumishi wa mji siku hizo walijifunza siasa nyingi kwa kubeba chai na mizigo tu.

Mwaka 1956 Bungoma ilipata cheo chake. Wilaya ya Elgon Nyanza ilikatwa kutoka Nyanza Kaskazini, na stesheni ile iliyodharauliwa ikawa makao ya wilaya, yenye mahakama na ofisi. Mwaka huohuo Kitale ilizaa kitu ambacho kilikuja kuwalisha watu wengi kuliko reli yenyewe: kampuni ya mbegu, Kenya Seed Company. Ilianza kwa mbegu za majani ya malisho. Karibu nayo, kituo cha utafiti kilikuwa kimeanza mwaka 1955 kutafuta mahindi bora, na mtaalamu Michael Harrison aliyachanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Mwaka 1964 ikatolewa mbegu iitwayo 611, na jamaa zake zikafuata. Ndani ya miaka michache wakulima wadogo wa Bungoma walikuwa wakiipanda bega kwa bega na wenye mashamba makubwa. Mbegu ile haikuuliza rangi ya mkono uliofukia.

Uhuru ulipokaribia, swali la ng'ambo likarudi kwa sura ya mipaka. Mwaka 1962 tume ya mipaka ya majimbo ilizunguka ikisikiliza watu. Wabukusu, wakisemewa na Masinde Muliro, walitaka Kitale na Trans-Nzoia ziwe upande wa magharibi pamoja na Bungoma. Wakalenjin walitaka zibaki Bonde la Ufa. Muliro na Daniel arap Moi walikuwa viongozi wa chama kimoja, KADU, lakini juu ya Kitale hawakuwa na neno moja. Trans-Nzoia ikabaki Bonde la Ufa. Hivyo mpaka wa jimbo ukapita pale pale palipokosa reli, na watu wa nyumba moja wakawa chini ya wakuu wawili wa mikoa.

Kilichofuata chajulikana kwa wengi wenu kuliko tuwezavyo kuandika. Walowezi waliuza. Serikali iligawa baadhi ya mashamba kwa mipango ya makazi, mengine ikayaweka chini ya shirika la ADC, na mengine yakanunuliwa na vyama na kampuni za hisa. Mtu aliyekuwa skwota aliuza ng'ombe wake, akachanga na wenzake 50 au 100, akapata ekari chache katika shamba alilolilimia Mzungu. Masinde Muliro mwenyewe alihamia huko na kuwa mbunge wa pande hizo; alifariki mwezi wa Agosti 1992. Fedha ya hisa ilikuwa halali, na kazi ya nyuma yake ilikuwa ya miaka mingi. Kwa upande wa pili, Msabaoti aliyesukumwa mlimani aliona ardhi ya babu zake ikiuzwa mara ya pili, na mara hii pia hakuwa muuzaji. Haki hizi mbili zilikutana katika shamba moja, na wanasiasa wakazikoleza. Mapigano yalipozuka Endebess na Saboti mwishoni mwa 1991 na katika 1992, maelfu walikimbilia mjini Kitale na wengine wakavuka kuingia Bungoma. Asemaye kwamba upande mmoja tu ndio wenye madai hajaisoma historia hii mpaka mwisho.

Reli yenyewe ikazeeka. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na jumuiya mwaka 1977, na Kenya ikabaki na kipande chake. Malori yalichukua mahindi, matatu zikachukua abiria. Tawi la Kitale lilikosa gari kwa miaka mingi, majani yakaota katikati ya vyuma, na vibanda vikajengwa karibu na njia. Bungoma, kwa kuwa iko katika njia kuu, iliendelea kuona mabehewa ya mizigo yakipita kwenda Malaba, ingawa gari la abiria la Kampala lilikoma. Webuye ilikua kwa kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa mwaka 2009. Na Kitale, iliyozaliwa na reli, haikufa reli ilipokufa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta na watu zaidi ya 160,000, Bungoma ikiwa na karibu 68,000. Tangu 2013 kila mmoja ni makao ya kaunti yake.

Reli mpya iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019. Michoro ya kuiendeleza mpaka Malaba, kama ilivyotangazwa, yaipitisha Kisumu na Mumias. Hiyo ndiyo ile njia iliyoachwa miaka 100 iliyopita, na wazee wa Mumias watacheka wakiisoma. Kati ya Kitale na Bungoma hakuna mchoro.

Tunawaomba wazee wenye vipande vya zamani, vyeti vya kazi vya reli, stakabadhi za hisa za mashamba, au daftari za michango ya kwanza ya chama, wavilete kwa katibu wa tawi. Vitanakiliwa na kurudishwa kwa mwenyewe siku hiyohiyo.